Steringi wa kike wa zamani: nipeni majina na miaka, nina ubishi huku Kirumba

MamaBenchi (Kirumba, Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Walionizidi umri, shikamooni.

Nina kibanda umiza hapa Kirumba, dakika tano kwa miguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mabenchi kumi na manne, projekta ya mtumba, sabufa mbili na turubai jeusi mlangoni. Kilianzishwa na marehemu kaka yangu, nami nikakirithi pamoja na madeni yake. Kiingilio mia tano, siku ya mpira mkubwa elfu moja. Wateja ni wavuvi, makuli, bodaboda na mafundi. Wanaume watupu. Ukiona mwanamke kafunua lile turubai, ujue kaja kumtafuta mumewe.

Sasa wiki iliyopita ukazuka ubishi. Fundi mmoja wa injini za mitumbwi, kijana ninayemheshimu kwa kazi yake, akasema mbele ya watu kwamba steringi wa kike hakuna. Kwake yeye mwanamke kwenye muvi ni mchumba wa steringi, au ni yule anayeuawa mapema ili steringi apate hasira. Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likavunjika mguu, na gharama ya mguu ni yangu. Nikamwambia zamani walikuwepo, marehemu mama alikuwa akinisimulia picha alizoziona mjini. Akanijibu: "Hata kama walicheza, waliandikiwa na wanaume. Waliambiwa simama hapa, lia hapa, basi." Nikakwama. Sina jina, sina mwaka. Na mimi kukwama ndani ya kibanda changu mwenyewe sipendi.

Lipo na jambo la pili, ndilo hasa limenifanya nifungue uzi. Wanaolijua ziwa wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na akina mama wanaoanika na kuchambua wanakosa kazi siku kadhaa. Wanashinda vibarazani wanasukana. Siku hizo wavuvi nao wengi wamekwenda makwao, kibanda kinapiga miayo. Nataka mchana mmoja wa mbalamwezi niwafungulie akina mama peke yao. Mia mbili, mtoto bure, anayelia atoke naye mama yake.

Mtafsiri wangu simtaki siku hiyo. Kijana ana sauti nzuri ila kila muvi lazima aitie matusi, na mwizi lazima ampe jina la mtu wa mtaani. Nitatafsiri mwenyewe. Kiingereza changu ni cha darasa la saba cha zamani, kwa hiyo nasikia zipo picha bubu, hizo zingenifaa, niseme ninavyoona.

Kwa hiyo nipeni majina. Waliocheza, na hasa walioandika. Picha fupi fupi, maana akina mama wa dagaa ukiwapa saa tatu watalala. Naomba kuwasilisha.


FundiMashine

Marahaba mwanangu.

Mimi nilikuwa mwendesha mashine wa sinema, nikaanzia Tanga nikamalizia hapa Mwanza. Picha zilikuja kwa treni ndani ya masanduku ya bati, mazito kama magunia ya saruji. Ukichelewa kubadili rili, ukumbi mzima unakupigia miluzi na kutukana mama yako. Kwa hiyo najua ninachosema: mwambie huyo fundi kwamba wanaume waliopiga miluzi hiyo walikuwa wakipiga foleni kumwona mwanamke.

Kwanza Nargis, mwigizaji wa Kihindi. Picha ya Mother India ilitoka 1957. Anacheza mke wa mkulima. Mume wake anapondwa mikono na jiwe, anashindwa kuvumilia aibu, anaondoka usiku na harudi. Anabaki mama na watoto na deni la mkopeshaji. Hana ng'ombe, anajifunga jembe mwenyewe analivuta shambani. Nilipofika pale nilikuwa sihitaji kuchungulia tundu la ukuta, nilijua kwa kusikia: kwanza kimya, halafu pua zinaanza kuvutwa upande wa akina mama, halafu na upande wa akina baba wanajifanya wanakohoa. Na mwisho nani anamuua adui? Ni yeye mama, kwa bunduki, na adui ni mwanawe wa kumzaa aliyemteka binti wa watu. Fundi wako anaweza kunitajia steringi wa kiume aliyewahi kupewa kazi nzito kama hiyo?

Nargis alikuwa hajafika hata miaka 30 alipocheza bibi kizee yule. Wakati wa kupiga picha moto uliwazidi, akanaswa kati ya matita ya majani makavu, na aliyeruka kumtoa ni Sunil Dutt, huyohuyo aliyecheza mwanawe mkorofi. Mwaka uliofuata wakaoana. Picha ikateuliwa kugombea Oscar. Na usisahau kwamba mama mzazi wa Nargis, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa muziki wa filamu, akatengeneza na picha zake mwenyewe tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo mtoto hakuokotwa barabarani akaambiwa simama hapa, lia hapa.

Wa pili ni wa kumnyamazisha fundi kabisa. Nadia. Jina lake la kuzaliwa Mary Ann Evans, kazaliwa Perth, Australia, 1908, akakulia India, akafanya kazi hadi kwenye sarakasi. Mwaka 1935 akatokea kwenye Hunterwali, kavaa kinyago, mkononi mjeledi, juu ya farasi. Aliruka, akapigana juu ya mabehewa ya treni, akabeba wanaume mabegani akawatupa, na hakuwa na mtu wa kumwigizia hatari. Hizo zilikuwa kabla ya wakati wangu, mimi nilizikuta kwenye mabango na kwenye midomo ya Wahindi wazee.

Hilo la kuwafungulia akina mama peke yao si jipya. Zanzibar palikuwa na maonyesho ya wanawake tu, mchana, na ukumbi ulijaa buibui mpaka kwenye ngazi. Ila mwanangu, kabla hujabandika tangazo nenda kamwone afisa utamaduni wa manispaa, umwambie unachotaka kuonyesha. Ni afadhali akupe karatasi wewe ukaiweka kwenye fremu kuliko aje siku yenyewe.


BintiMalimbe

Shikamoo mzee FundiMashine. Dada MamaBenchi, pole na mguu wa benchi.

Mimi nasoma chuo hapa Malimbe na hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko masomo yenyewe, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Fundi kasema waliandikiwa na wanaume. Kakosea pabaya. Mwanzoni kabisa, sinema ilipokuwa bado haijaonekana kama biashara ya maana, wanawake walijaa, na kwenye uandishi ndiko walikojaa zaidi. Fedha ilipokuwa nyingi ndipo milango ilipoanza kufungwa. Unalijua hilo hata Mwaloni: kazi ikiwa ya ndoo na karai ni ya mama, ikipata mashine na mkopo wa benki ni ya baba.

Anza na Alice Guy, Mfaransa. Alikuwa katibu muhtasi wa Léon Gaumont, mwenye kampuni ya kuuza kamera jijini Paris. Baada ya kuona picha za kwanza za akina Lumière, za treni na wafanyakazi wanaotoka kiwandani, akaona hizi zinachosha, afadhali zisimulie hadithi. Akaomba ruhusa. Bosi akakubali kwa sharti moja, kazi ya barua isilale. Mwaka 1896 akatoa picha yake ya kwanza, ya kama dakika moja, ya mwanamke anayeokota watoto wachanga kwenye bustani ya kabichi. Alikuwa na miaka 23. Baadaye akahamia Marekani, 1910 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Solax, kisha akajenga studio Fort Lee, New Jersey, na ukutani akaandika bango kubwa la kuwaambia waigizaji wawe wa kawaida, wasijilazimishe. Alitengeneza mamia ya filamu. Halafu akasahauliwa kiasi kwamba uzeeni alikuwa anahangaika kutafuta nakala za kazi zake mwenyewe. Alifariki 1968.

Kwa akina mama wako nakushauri ile yake ya 1906, Les Résultats du féminisme. Dakika saba hivi. Ni dunia iliyogeuzwa: wanaume wanapiga pasi, wanashona, wanasukuma vigari vya watoto, na wanawake wapo kilabuni wamekunja nne, wanavuta sigara, wanawatongoza wanaume wanaopita. Mwisho wanaume wanachoka, wanafanya mapinduzi. Hii haihitaji mtafsiri hata kidogo, ila wewe utatafsiri, najua.

Ya pili, Suspense, 1913, dakika kumi. Lois Weber ndiye aliyeiandika, akaielekeza pamoja na mumewe, na ndiye mama mwenyewe unayemwona. Msichana wa kazi kaacha kazi kimyakimya, ufunguo kauweka chini ya zulia la kufutia miguu mlangoni. Nyumba iko mbali na watu, mama yuko na kichanga, jambazi anazunguka nje. Kuna mahali skrini inagawanyika pande tatu: jambazi huku, mama kashika simu, mume ofisini anasikiliza. 1913 hiyo! Na kuna jambazi akinyanyua uso kumtazama mama aliyeko dirishani juu, ile sura inakujia moja kwa moja. Nilipoiona mara ya kwanza bwenini nilifunga komeo.

Ya tatu ndiyo naipenda kwa ajili ya ubishi wako, kwa sababu mwandishi ni mwanamke na steringi ni mwanamke. The New York Hat, 1912, kama dakika kumi na sita. Mwandishi ni Anita Loos, msichana wa California aliyekuwa anatuma hadithi kwa posta. Hii alilipwa dola 25. Steringi ni Mary Pickford, ambaye miaka saba baadaye, 1919, alikuwa mmoja wa watu wanne walioanzisha kampuni ya United Artists, yeye na Charlie Chaplin na wanaume wengine wawili. Hadithi sikusimulii, ni ya kofia na umbea. Kirumba itawaingia.

Na kama fundi bado ana pumzi, mtajie Frances Marion. Alimwandikia Pickford filamu nyingi, akawa miongoni mwa waandishi waliolipwa fedha nyingi kuliko wote Hollywood, na ndiye mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya uandishi, kwa The Big House ya 1930. Hiyo ni hadithi ya gereza la wanaume, dada. Wanaume watupu kama kibandani kwako, na maneno yao yote kayaandika mwanamke! Halafu akapata ya pili kwa The Champ, ya bondia mlevi na mwanawe. Yeye pia ndiye aliyeandika The Wind ya 1928, Lillian Gish anacheza msichana anayeelekea kupata wazimu kwa sababu ya upepo. Waliipigia jangwani Mojave kwa joto kali, mapangaboi ya ndege yakimrushia mchanga usoni. Ila hii ni ndefu, iache kwanza.

Kuhusu haki: filamu za Marekani za miaka hiyo hakimiliki yake imekwisha kule, ndiyo maana utazikuta kwenye intaneti wazi kabisa. Njoo Malimbe na flashi au niambie nikutumie. Na usione haya kutafsiri kwa mdomo. Japani enzi za picha bubu kila ukumbi ulikuwa na msimulizi anayesimama kando ya skrini, akiitwa benshi, na watu walikuwa wanalipa kumsikiliza yeye kuliko kumwona mwigizaji. Wewe ni benshi wa Kirumba.


Ngosha_Buzuruga

Naona Mfaransa, Mmarekani, Mhindi. Watu weusi walikuwa wapi? Au walikuwa wanafagia ukumbi?


MwalimuNansio

Ngosha, umeuliza kwa hasira lakini umeuliza vizuri. Nakujibu kutoka huku Ukerewe, mtandao ukiruhusu.

Walikuwepo, na kweli wengi walipewa ufagio, lakini ufagio wa kuigiza. Hattie McDaniel alizaliwa Wichita, Kansas, 1893. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Aliimba, akatunga nyimbo zake mwenyewe na kuzirekodi miaka ya 1920, na mkate ulipokuwa mgumu alifua nguo za watu na kufanya kazi za ndani. Alipofika Hollywood akapewa kucheza hizohizo kazi za ndani, mara nyingi bila jina lake kuandikwa. Katika Gone with the Wind ya 1939 ni mtumishi tena, lakini mtazame vizuri: ndiye mtu pekee ndani ya nyumba ile anayejua kila kitu, na anasema. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, yeye hakuwepo, kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Februari 1940 akashinda Oscar, mtu mweusi wa kwanza. Hoteli yenyewe iliyofanyiwa sherehe ilikuwa haipokei weusi, akaruhusiwa kwa maombi maalumu, akakalishwa meza ndogo kando, mbali na wenzake wa filamu. Alifariki 1952. Alitaka azikwe kwenye makaburi ya Hollywood, wakakataa hata maiti.

Mimi nilifundisha Kiswahili na historia miaka mingi, na sikuwahi kumtaja darasani hata siku moja. Sikumjua.

Kulikuwa na Anna May Wong pia, mzaliwa wa Los Angeles, Mmarekani wa asili ya China. Mwaka 1922, akiwa na miaka 17, ndiye steringi wa The Toll of the Sea, moja ya filamu za mwanzo kabisa za rangi. Lakini walipokuja kutengeneza filamu kubwa ya wakulima wa China, 1937, nafasi ya mama wa Kichina akapewa mzungu aliyepakwa rangi.

Tena kwa nini twende mbali. Maji haya yanayopiga Nansio yanatoka Jinja, yanashuka mpaka Cairo. Huko Cairo mwaka 1927 mwanamke aitwaye Aziza Amir alitoa fedha akatengeneza filamu ya Laila, na steringi akawa yeye mwenyewe. Ni miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kabisa za Misri. Baada yake akaja Faten Hamama, aliyeanza mtoto mdogo 1940, akatawala miaka yote ambayo Wamisri wanaiita enzi ya dhahabu. Mwaka 1975 akacheza mwanamke anayehangaika mahakamani kutafuta talaka, na filamu ile ikachangia kubadilishwa kwa sheria ya ndoa kule. Hiyo ni Afrika, Ngosha, tena mto wetu wenyewe.

Hapa Tanganyika nako picha zilitengenezwa mapema, Rashidi Kawawa alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa Waziri Mkuu, alicheza Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Majina ya kina mama waliosimama naye mbele ya kamera ndiyo hatukuyahifadhi.


UjijiMjini

Mbona mnaisahau The African Queen ya 1951? Katharine Hepburn, mwanamke mwenye Oscar nne za uigizaji. Hadithi inatokea hapahapa Tanganyika wakati wa Wajerumani, na waliipigia Kigoma. Ile meli ya kivita ya Mjerumani ndiyo Liemba yetu.


FundiMashine

Kigoma hapana, kijana wangu. Nimeizungusha picha ile kwa mikono yangu na stori zake nazijua. Ilipigwa Kongo na Uganda, upande wa Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison, nyingine studio Uingereza. Kisa ndicho kilichochotwa kwenye vita vya Ziwa Tanganyika, na meli ya Mjerumani iliyotia watu hamu ya kuandika ni Graf von Götzen, ambayo kweli ndiyo Liemba ya leo. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaja kuinyanyua, ikarudi kazini 1927. Kwa hiyo umekosa nusu umepata nusu.

Ila steringi wa mle ni yule mama, hilo nakuunga mkono. Mwanamume ana boti na chupa ya pombe, mwanamke ndiye mwenye wazo la kutengeneza bomu na kwenda kuizamisha meli. Na kambini Bi Hepburn aliugua vibaya tumbo kwa sababu alikuwa anakunywa maji, huku mwelekezaji na steringi mwenziwe wanakunywa wiski na hawaugui. Alikuja kuandika kitabu kizima cha safari ile, 1987. MamaBenchi, hiyo usiionyeshe bila kuuliza, bado ina wenyewe.


Fundi_Yamaha

Mimi ndiye huyo fundi. Nimetumiwa huu uzi na watu watatu.

Sikubali. Nadia nampa. Hao wa kuandika siwaoni kwenye skrini, kwa hiyo si steringi. Na nasikia kwenye hiyo Suspense mwisho mume ndiye anakuja na polisi kuokoa. Sasa?


BintiMalimbe

Kaka fundi, ni kweli mume anakuja, tena kwa gari la wizi, mwenye gari na polisi nyuma yake. Lakini aliyeamua mume aje, aje kwa gari la wizi, na akimbizwe, ni Lois Weber. Yeye ndiye aliyekushika roho.

Wewe ni mtu wa ziwa na wa vyuma, nikupe moja ya kwako. Sauti ilipoingia kwenye filamu, kipaza sauti kilikuwa kinafichwa sehemu moja, kwenye chombo cha maua au chini ya meza, na mwigizaji haruhusiwi kusogea. Mwaka 1929 Dorothy Arzner alikuwa anaelekeza The Wild Party, filamu ya kwanza ya sauti ya Clara Bow. Clara alikuwa mtu wa kuruka huku na huku tangu picha bubu, kusimama kama nguzo kulimtia hofu. Arzner akaagiza kipaza sauti kifungwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki, mtu aishike juu ya kichwa cha Clara na kumfuata popote aendapo. Mpaka leo wanafanya hivyohivyo, fimbo tu ndiyo imebadilika. Arzner alianza kazi akipiga chapa hadithi za wenzake, akawa mkataji wa filamu, kisha mwelekezaji. Miaka ya 1930 karibu yote alikuwa mwanamke pekee mwenye kazi hiyo kwenye studio kubwa za Hollywood.


Fundi_Yamaha

Hiyo ya fimbo nakubali kwa sababu ni ufundi. Mengine bado.


MamaBenchi (Kirumba, Mwanza)

Wakuu, wabeja sana. Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu. Narudisha majibu, maana mwenye kuazima jembe hulirudisha.

Karatasi ya afisa nimeipata, iko ukutani. BintiMalimbe alikuja mwenyewe na flashi, akakaa benchi la mbele kama mkaguzi. Mbalamwezi imeangukia katikati ya wiki, nikafungua saa nane mchana. Niliogopa hawatakuja. Saa nane na nusu walikuwa wanne, wamekaa karibu na mlango tayari kukimbia. Saa tisa walikuwa thelathini na mmoja, watoto sikuwahesabu.

Nikaanza na ya wanaume wanaopiga pasi. Nilikuwa nimejiandalia maneno, sikuyatumia hata nusu, kelele zilikuwa nyingi mno. Mama mmoja muuza uji alikuwa anampa kila mwanamume kwenye skrini jina la mume wa mtu aliyekaa karibu naye. Kwa hiyo yale ya mtafsiri wangu yalitokea tu, ila safari hii nilicheka.

Suspense ilikuwa kitu kingine. Kimya. Yule jambazi alipoinama kwenye zulia la kufutia miguu, sauti ikatoka nyuma, "Ufunguo! Mama weee, ufunguo!" na mtoto akaanza kulia, hakuna aliyemtoa. Picha ilipokwisha mama mmoja aliaga, akasema anafika nyumbani mara moja. Alirudi baada ya dakika kumi, ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga.

Lakini ya kofia ndiyo imeniacha na deni la kuieleza. Inaanza mama anakufa. Anamwachia mchungaji kisanduku na barua: mume wangu kanifanyisha kazi mpaka nakufa, lakini nimeficha fedha kidogo, mnunulie binti yangu vitu vizuri alivyonyimwa, na usimwambie mtu. Nilisoma hiyo barua kwa sauti, BintiMalimbe akinisaidia maneno. Nilipofika "nimeficha fedha kidogo" kibanda chote kilifanya "mmh" kwa pamoja. Nadhani kila mmoja pale ana kikoba ambacho mumewe hakijui. Mimi nilikuwa nacho pia, kaka alipokuwa hai.

Mchungaji ananunua kofia ya bei kali. Binti anaivaa kanisani, wanawake wa kijiji wanaanza: kwa nini mchungaji kamnunulia kofia msichana yule? Umbea unakwenda mpaka kwa baba, baba anaichana kofia. Hapo baba alitukanwa kwa Kisukuma, Kijita na Kikerewe. Mwisho barua inatolewa, watu wanaaibika, na mchungaji anamposa binti.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Mama mmoja mtu mzima kutoka Ukara akasema mchungaji alikuwa na lake tangu dukani, mtu hanunui kofia ile kwa ajili ya marehemu. Wengine wakasema hapana, kasukumwa na umbea, wambea ndio waliomwoza. Mwingine akauliza fedha iliyobaki kwenye kisanduku iko wapi, mbona kofia moja tu. Tulibishana mpaka saa kumi na mbili. Mwenye kubisha zaidi nikamwambia aliyeandika ni msichana, kalipwa dola 25. Akasema, "Basi ndiyo maana. Alikuwa anamjua mchungaji mmoja."

Fundi alisimama nje akisikiliza kupitia turubai, nilimwona miguu. Baadaye aliingia na bisibisi akaangalia lile benchi, akasema mguu niliowekewa ni mbao laini, hautafika Krismasi. Kuhusu steringi hakusema neno.

Sasa akina mama wanataka mbalamwezi ijayo, na wanataka ndefu. BintiMalimbe kanitajia Sparrows ya 1926, Mary Pickford tena, msichana anayewatorosha watoto yatima kupitia bwawa lenye mamba, kichanga mgongoni, na kisa chenyewe kimebuniwa na mwanamke, Winifred Dunn. Mamba huku hatusimuliwi. Ila nakala niliyopata inakatika watoto wakiwa juu ya tawi, mamba chini, halafu inaruka moja kwa moja hadi mwisho. Mwenye nzima anitumie kabla mwezi haujajaa.